Siku Niliyoipa Fimbo ya Mwenyekiti Namba Moja

Kitahana nzima wanaijua aibu yangu hii, kwa hiyo bora niieleze mwenyewe kabla hamjaipata kwa walioitia chumvi, maana kuna mwanamke mmoja huku anasimulia kwamba nilianguka na kitenge kikafunguka, na huo ni uongo mtupu, sikuanguka popote, nilisimama wima kabisa nikiaibika.

Mjukuu wangu Oliva ni fundi. Simsifii kwa sababu ni wangu (ni kwa sababu ni wangu, niacheni), lakini redio, chaja, inveta za sola, yeye hufungua, akafunga, na kitu kikasema. Sasa pampu ya sola inayotuvutia maji ikagoma, kamati ya maji ikataka kumleta fundi kutoka Kigoma mjini, nikaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kumuuliza kwa nini anamruka fundi aliye mlangoni kwake. Akasema haya, tunampa Oliva mpaka Jumamosi, akiitengeneza atatunza pampu zote za kata hii na atalipwa kila mwezi, akishindwa asije kuomba tena. Oliva akafungua kisanduku cha pampu, akakuta koili moja, yaani ule waya uliozungushwa kama uzi kwenye kibiringo, imekuwa nyeusi, akasema koili haihukumiwi kwa macho, kuna kipimo kinaitwa LCR, kinapima koili, kapasita (vile vikopo vidogo vinavyotunza umeme) na vingine, na hapa Kibondo hakipo cha bei tunayoiweza, ila Kasulu kuna duka. Yeye alikuwa na kazi za watu mezani. Nikasema naenda mimi.

Akaniandikia karatasi. Hiyo karatasi niliiacha makusudi chini ya beseni la maharage, na hapo ndipo yote yalipoanzia, maana mimi shule niliishia darasa la pili na nimechoka kuwa yule bibi anayenyoosha kikaratasi dukani kama mtoto aliyetumwa chumvi. Herufi tatu tu zinishinde? Nimezaa watoto saba na sijawahi kuchanganya majina yao.

Basi Ijumaa ndani ya gari nikazisema moyoni mpaka Kasulu, eri-si-ari, eri-si-ari (sisi Waha L na R kwetu ni mapacha, ukimwita mmoja anaitika mwingine). Muuzaji alikuwa baba mwenye kofia ya kiua na Kiswahili laini cha pwani, nikamtajia kitu changu kwa sauti ili wote dukani wasikie kwamba bibi anajua. Akauliza, "Bibi yangu, unataka i-esi-ari?" Kwa sikio langu amesema vilevile kama mimi, ila kwa madaha zaidi.

"Hiyohiyo," nikasema. "Ya bei nafuu, lakini isiwe takataka."

Akauliza ni ya kupimia nini, kwa uungwana kabisa, na mimi badala ya kusema koili nikamwambia ni ya kupimia kazi. Watu wakacheka, nikadhani wamenipenda. Akanionyesha pa kuwashia, akanifungia, nikaenda kulala kwa mdogo wangu kule kijijini Heru Juu nikiwa nimekikumbatia kama kuku wa sadaka.

Jumamosi nashuka kwenye gari, kina mama wamejaa pale kwenye pampu na ndoo zao, kamati imekaa, Oliva ameshaing'oa koili ameiweka juu ya kitambaa. Akanyoosha mkono, akasema, "Bibi, nipe kwanza nikione." Nikamwambia atulie, nimefundishwa dukani. Nikawasha, nikashika zile nyaya zenye sindano, nikagusa koili huku na huku. Kioo kikaandika 1.

Jamani, mtoto gani akileta namba moja nyumbani amefeli? Nikageuka kwa watu, nikatangaza kwamba koili yetu ni nzima na tena imeongoza, kina mama wakapiga vigelegele mpaka mbuzi wakakimbia, na mimi kwa kunogewa nikapima kipande cha waya, nacho 1, nikapima bangili yangu ya plastiki, nayo 1, nikasema mnaona, hapa hakuna kibovu.

Mwenyekiti ni mtu wa maneno machache. Akasogea, akainyoosha fimbo yake ya mti.

"Bibi wa Oliva, hebu pima na hii."

Nikapima. 1.

"Kumbe na fimbo yangu imefaulu," akasema. "Basi tuitumbukize kisimani ivute maji."

Walicheka, wakacheka wakashikana mabega. Oliva akakichukua kile kitu mkononi mwangu taratibu, akakisoma ubavuni, akaniambia kwa sauti ya chini (lakini watu walishanyamaza ili wasikie), "Bibi, hii ni ESR, inapima kapasita tu. Koili haijui. Ona, hata usipogusa chochote inaandika moja. Hiyo moja maana yake imeshindwa."

Nilitamani niwe ndoo mojawapo kati ya zile ndoo. Si kwa kuchekwa, kuchekwa nimezoea, ila mwenyekiti alikuwa ameshatoa simu anatafuta namba ya fundi wa Kigoma, na kazi ya mtoto wangu ilikuwa inaondoka kwa sababu ya ulimi wangu.

Oliva akapiga magoti mbele ya kisanduku. "Mzee, nipe muda kidogo. Kama kipimo kinajua kapasita tu, ngoja nipime kapasita."

Akazimaliza umeme kwa balbu kwanza, halafu akapima moja moja. Nzima zilikuwa zikiandika namba ndogondogo zenye nukta. Mbili zikaandika 1, na kila ilipotokea watu wanasema, "Fimbo hiyo." Akang'oa zile fimbo mbili, akatoa nyingine kwenye inveta mbovu aliyokuja nayo, akachomea, akairudisha na ile koili nyeusi akisema huenda weusi ni wa moshi tu, akaunganisha sola. Bomba likakohoa. Likatema matope. Halafu maji yakaja, meupe, kwa nguvu, na mimi ndiye niliyepiga kigelegele cha kwanza, aibu au si aibu.

Mwenyekiti akamwambia Oliva, "Pampu ni zako. Ila bibi yako asiguse."

Mwezi wake wa kwanza wa kazi tulirudi Kasulu wote wawili kutafuta LCR yenyewe. Oliva alikwenda na koili anayoijua kipimo chake, akawekewa mezani vipimo vitatu vya bei ndogo, akavijaribu vyote kwa koili hiyohiyo. Cha bei ndogo kuliko vyote kilisema uongo, cha pili kilibadilisha maneno kila akikigusa, cha tatu kikasema kweli mara tatu na kinapima kwa masafa ya umeme zaidi ya moja, akachukua hicho. Nami nawaambia ninyi: kipimo msinunue kwa jina lake, nendeni na kitu mnachokijua kikapimwe mbele yenu. Mimi nilikuwa nimeapa sitatamka neno mle dukani, na sikutamka, nilisimama midomo nimeibana mpaka yule baba wa kofia akamuuliza Oliva kwa huruma kama bibi yake siku hizi ni bubu.

"Hapana," Oliva akamjibu, "anapumzika."