Neno Lililoandikwa Mara Moja

Damiano, katekista wa makazi ya wakimbizi ya Katumba, alikuwa Mrundi aliyevuka mpaka kuingia Tanzania mwaka 1972 bila mke wake. Yeye na Lusia walipotezana porini, watu walipokimbia mauaji kila mmoja na njia yake. Huku Mpanda alipewa shamba, akalima mahindi, akafundisha watoto sala, akakataa kila mchumba aliyetafutiwa. Lakini aliona haya kumkumbuka Lusia jinsi alivyomkumbuka: shingo yake akiinama kupalilia, joto la mgongo wake asubuhi ya baridi. Alidhani mtu wa kanisa hapaswi kutamani hivyo.

Mwaka 1978 Padri Stanslaus aliwafundisha makatekista zaburi ya mtu aliye jangwani akimtamani Mungu. Akaandika ubaoni neno la Kiebrania: kamah.

"Neno hili limo mara moja tu katika maandiko yote ya Kiebrania," alisema. "Basi maana yake tunaikisia kwa majirani zake. Hapa majirani ni kiu na nchi kavu. Nadhani ni kutamani mpaka nguvu zikuishie."

"Anayetamani ni roho, Padri?" Damiano aliuliza.

"Roho inaona kiu. Neno hili ni la mwili."

"Mwili! Na bado ni sala?"

"Ni sala, Damiano."

Damiano alitoka nje akalia, wala hakujificha.

Baada ya hapo malori yakaanza kuleta wakimbizi kwenye makazi mapya ya Mishamo, kutoka makazi ya Ulyankulu. Damiano alipanda baiskeli akaenda. Kila lori liliposhusha watu, alilitaja jina la mke wake kwa sauti, bila haya. Mwanamke mmoja akadondosha sufuria. Alikuwa Tereza, mdogo wake Lusia.

"Shemeji! Wewe tulishakulilia!"

"Lusia yuko wapi?"

Tereza aliinamisha macho. "Amebaki Ulyankulu. Ana mume, ana watoto. Alikusubiri sana, shemeji."

Damiano aliketi juu ya gogo. Baadaye akauliza kama Lusia bado anaimba akipika. Tereza akasema anaimba.

"Nimwambie nini?"

"Usimwambie umeniona. Utamvurugia nyumba."

Tereza hakuwa na wa kumjengea, na mvua ilikuwa karibu. Damiano akabaki kwanza, akakata miti, akamwezekea shemeji yake nyumba. Kisha akarudi Katumba. Njiani alishuka kwenye baiskeli mara nyingi, akasimama akitazama kaskazini, upande wa Ulyankulu, mpaka vumbi la barabara likatulia.