Kompyuta ya Jenoveva Isiyo na Kioo

Mradi wa pamba ulipofungwa pale Bunda, wakubwa waliondoka na magari, makabati, na wengine hata mapazia ya ofisi. Jenoveva Nyamburi, aliyewapigia chapa kwa miaka yote ya mradi, aliitwa wa mwisho kabisa. Mezani palikuwa pamebaki kompyuta moja ndogo ya kukunja. Kioo chake kilikuwa kimepasuka siku gari la mradi lilipopinduka kule Guta.

"Jenoveva, chukua hiyo," mhasibu alimwambia huku akiwakonyeza wenzake. "Itakufaa kusukumia chapati."

Waliokuwepo wakaangua kicheko. Jenoveva aliiviringisha ndani ya kanga, akajifunga kifuani, kisha akauliza, "Na chaja yake iko wapi?" Wakampa na chaja, basi tu aondoke.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Viwanda vilikuwa vinafunga milango kimoja baada ya kingine, watu wanapunguzwa kazini, na papo hapo maduka ya Musoma yamefurika redio na nguo za mitumba ambazo waliopunguzwa hawakuweza kuzinunua. Kaka yake, Mwikwabe, alimfuata kutoka Butiama kumwambia arudi nyumbani.

"Huna mume, huna kazi. Mjini unabaki kufanya nini?"

"Kaka, nikishindwa nitarudi," Jenoveva alimjibu. "Mimi sijashindwa."

Akapanga chumba Nyakato, pale Musoma, mlango ukitazama barabara, akaipeleka mashine yake kwa fundi Mniko. Mniko alikuwa akitengeneza redio na kuwachajia watu betri za gari. Kompyuta hakuwahi kuifungua hata moja, na hakumficha.

"Kioo cha hii hakipatikani, dada. Hata Mwanza hukipati."

"Kioo cha hii sikitaki. Kule mradini nimeona mhasibu anaichomeka kwenye kioo kingine, kikubwa kama televisheni. Picha inatokea kule." Akaigeuza mashine, akamwonyesha tundu la nyuma lenye vitobo vidogo vidogo. "Si inatokea hapa?"

Mniko alitafuta, akapata monita nzito, imegeuka rangi ya njano kwa uzee, katika ofisi moja ya mizigo iliyokufa. Sindano moja ndani ya kichwa cha waya wake ilikuwa imelala. Akainyoosha kwa pini, taratibu, huku akishikilia pumzi. Wakachomeka, wakawasha. Mashine ikaanza kuunguruma, taa ya monita ikawaka, lakini kioo kikabaki cheusi tii.

Walihangaika hadi Mniko akaanza kuangalia saa. Jenoveva akainamia vitufe, akavitazama kimoja kimoja, akaona kimoja cha juu kimechorwa kipicha cha kioo kwa rangi ya buluu. Akakibonyeza. Kimya. Halafu akaona kingine, pembeni chini, maandishi yake buluu ileile. Akavishika vyote viwili kwa pamoja.

Picha ikaruka kwenye monita.

"Imekuja!" Mniko alipiga kelele hadi muuza nyanya wa ng'ambo akasimama.

Kuanzia siku hiyo Jenoveva alichapa mitihani ya shule, kadi za harusi na ratiba za misa. Mashine aliiacha wazi muda wote, na kioo chake kilichopasuka kikiwa wima, maana akikifunga tu, mashine yote inalala. Wateja walikuwa wakikishangaa, naye anawaambia, "Msiangalie huko, angalieni huku."

Ndipo mzee Bernado, mwenye nyumba, alipoanza kumtaka atoke. Mpwa wake alitaka kufungua duka palepale. Jenoveva alipokataa kuhama, Bernado alipanda juu ya kiti, akakata waya wa umeme uliokuwa unaingia chumbani mwake.

"Umeme wangu ni wa taa. Sikukupangishia mitambo."

"Mzee wangu, chumba nimelipia hadi mwisho wa mwaka," Jenoveva alimwambia kwa upole. "Kata waya, kata na taa. Mimi sitoki."

Akaenda kwa Mniko kuchukua betri ya gari na inveta, kile kidude cha kuugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani. Inveta yenyewe ilikuwa ndogo, na monita ilikuwa mlafi. Akiwasha monita huku kompyuta inachajiwa, inveta inapiga yowe kama mtoto aliyefinywa, halafu inazima. Ilimchukua muda na machozi kidogo kuizoea. Mwishowe akaijua njia: kwanza anaichaji kompyuta peke yake, monita imezimwa. Taa ya chaja ikigeuka kijani, anachomoa chaja, ndipo anawasha monita. Hapo kompyuta inatumia betri yake ya ndani, na monita inakula ile ya gari. Kompyuta ikichoka, inalia. Anahifadhi kazi, anazima monita, anarudisha chaja.

"Inakula," alikuwa akiwaambia wateja. "Na wewe nenda ukale, urudi."

Habari za mama mwenye kompyuta ya betri zikafika hadi vijiji vya rasi, kando ya ziwa. Esta, mwenyekiti wa akina mama wakaanga samaki, akamfuata Nyakato. Viwanda vya samaki vilikuwa vinazoa sangara wote, akina mama wameachiwa mapanki, yaani mifupa na vichwa. Walikuwa wamechanga ili wanunue mtumbwi wao na nyavu zao. Wilayani wakaambiwa walete katiba iliyochapwa ndipo kikundi kisajiliwe.

"Tunaweza kukuletea maneno uchape," Esta alisema. "Lakini mimi nataka kila mtu ayaone yakiandikwa. Tumezoeaga kusomewa vitu tusivyosema."

Jenoveva aliizungushia monita godoro, akapanda nayo pikapu, pamoja na kompyuta, betri na inveta. Walikutana ndani ya kanisa la kigango. Monita ikawekwa juu ya meza ya katekista, herufi zikakuzwa hadi wa benchi la nyuma wakaziona. Waliojua kusoma waliwasomea wasiojua, kifungu kwa kifungu, na kazi ikaenda vizuri hadi Magesa alipoinuka. Magesa alikuwa wakala wa wanunuzi wa samaki. Gari lake la barafu lilikuwa linamsubiri ufukweni, naye alikuwa amejitolea kuwa mlezi wa kikundi.

"Kwenye fedha andika hivi: pesa za kikundi zitatolewa kwa saini ya mlezi peke yake."

Jenoveva akaandika kama alivyoambiwa, bila kupunguza neno.

Bibi Wankyo, aliyekuwa amekaa mbele kabisa, akauliza, "Hapo pamesemaje?" Akasomewa. Akauliza tena, "Mlezi ndiyo nani?"

"Mimi, mama," alisema Magesa.

"Na sisi tulichangaga ili tuwe nani?"

Kanisa likachemka. Magesa akamgeukia Jenoveva. "Wewe ni mchapaji tu. Zima hiyo kitu, tutamalizia mjini."

"Nimeitwa na hawa akina mama. Wakisema nizime, nazima."

Hakuna aliyesema azime. Lakini kompyuta ikalia. Betri ya ndani imechoka. Jenoveva akahifadhi kazi, akazima monita, akachomeka chaja. "Inakula," alisema. "Tusubiri."

Akina mama wakaleta ugali na furu, samaki wadogo wa ziwani, wa kuchemsha, wakala huku wanabishana. Kadiri walivyobishana ndivyo Magesa alivyozidi kuchungulia mlangoni kuelekea gari lake la barafu. Alipoona mabishano yanaelekea kubaya kwake, akaifuata meza kwa hasira.

"Mimi sina siku nzima ya kupoteza hapa!" Akabonyeza monita iwake, chaja ikiwa imechomekwa.

Inveta ikapiga yowe, kila kitu kikazima. Mama mmoja akajishika kichwa: katiba imekufa!

Jenoveva aliuondoa mwenyewe mkono wa Magesa mezani. "Bwana Magesa, rudi ukae. Maneno yao yamo humu. Hayafi kwa kidole chako."

Akazima inveta, akaiwasha upya, chaja peke yake. Wakasubiri. Taa ilipogeuka kijani, akachomoa, akawasha monita, na katiba ikatokea pale walipoiachia.

"Tukifute kile kifungu cha mlezi," alisema Esta.

Jenoveva hakukifuta kwa mara moja. Alikifuta herufi moja moja, kutoka nyuma, na kila neno lilipopotea akina mama walipiga vigelegele. Neno "mlezi" lilipoondoka, Magesa alikuwa ameshatoka. Badala yake wakaandika kwamba saini ziwe za wanawake watatu waliochaguliwa na mkutano, na Bibi Wankyo akawa wa kwanza kutajwa, saini yake ikiwa alama ya dole gumba.

Magesa hakuliacha. Alimshitaki Jenoveva kwa mtendaji kwamba anazunguka vijijini na mtambo kuchochea watu. Akaitwa.

"Nani amekutuma kule?" mtendaji aliuliza.

"Sikutumwa. Niliitwa. Na nikiitwa tena, naenda."

Mtendaji alimtisha kidogo, akakosa kosa la kumshikia, akamwacha. Usajili ulicheleweshwa mno, lakini ulitoka. Mtumbwi ulinunuliwa, nyavu za kwanza ziliibiwa, wakachanga tena kwa shida. Jenoveva alikaa chumbani kwa Bernado hadi mwaka ulipoisha, ndipo akahama kwa hiari yake, karibu na Mniko. Muda si mrefu, akina mama wanaoponda mawe ya dhahabu Buhemba wakamletea habari kwamba nao wanataka kuandika katiba yao. Asubuhi ya safari Mniko alimsaidia kufunga godoro.

"Huko ni wakali, dada. Kuna wenye mashimo yao hawatapenda."

"Wasipende," alisema Jenoveva, akaiinua betri mwenyewe, akaiweka garini.