Maji ya Kushukia

Nyumbani kwetu, upande wa Lukozi, mtu hashuki nyika bila kunywa maji ya kushukia. Ni maji yaliyochemshwa na magome ya mkwinini, machungu kama nyongo, kikombe kimoja asubuhi ya safari. Babu mzaa mama alifanya kazi kwenye mashamba ya kwinini mashariki ya milima, akarudi na mche mmoja, akaupanda nyuma ya jiko. Mti upo hadi leo, umechunwachunwa magome kama mbuzi mwenye ukurutu. Watu wa nyika hutucheka. Wanasema sisi wa milimani tukiumwa na mbu mmoja tu tunaita mchungaji.

Mwanangu alikufa kwa malaria huko chini, Magoma, alikokwenda kumtembelea shangazi yake wakati wa masika. Alikuwa hajaanza shule. Baada ya msiba nilikuwa kama mkono uliolaliwa usiku kucha. Nilipalilia karoti, niliimba kwaya, nilicheka watu walipocheka, na sikusikia kitu.

Ndipo likatolewa tangazo kanisani, baada ya ibada: kituo cha utafiti kule nyika kinatafuta watu wazima wenye afya wa kujaribia dawa mpya ya malaria. Nilijiandikisha siku hiyohiyo. Majirani wakasema nimechoka kuishi. Wapi! Nilitaka dawa ile ipite mwilini mwangu, ili kifo cha mtoto kisiwe kimekwenda hivihivi tu. Sikuwa na haja nyingine duniani.

Daktari, kijana mpole, alipanda mpaka kwetu akatueleza kwenye ukumbi wa kanisa, bila kupamba. Dawa hiyo wameimeza watu wachache sana. Haitatutibu, maana hatuumwi. Wanachotaka kujua kwanza ni kama inadhuru, na mwili unaipokeaje. Wataanza na dozi ndogo, na anayetaka kuacha ataacha wakati wowote. Akauliza kama kuna anayetumia dawa nyingine, ya hospitali au ya kienyeji. Tukajibu hapana, sote, kwa sauti moja. Hatukudanganya. Kwetu dawa hunywewa na mgonjwa. Maji ya kushukia ni ya msafiri, kama nauli.

Asubuhi ya kwenda kupimwa, mama aliniletea kikombe. Siku zote hukiacha mezani akaenda zake kwa ng'ombe. Safari hii alisimama mlangoni mpaka nikamaliza, akakipokea, akachungulia ndani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, nikamwacha.

Kule kituoni walichukua damu na mkojo. Majibu yalipotoka daktari akaniita peke yangu.

"Dada, tumekuta kwinini mwilini mwako. Ulimeza nini?"

Nikamweleza habari za mti wa babu. Hakucheka. Akasema kundi linaanza sasa, hawawezi kungoja kwinini iniishe mwilini, na mimi hawawezi kunichukua, kwa sababu wakinipa dawa yao hawatajua kipi kimefanya nini mwilini. Nikasema sawa. Nilijua pale ndipo pa kulia, na machozi hayakuja.

"Lakini kikombe kile kinazuia malaria?" nikamuuliza.

"Kikombe kimoja? Hapana, dada. Kinatosha kutuharibia vipimo tu."

"Mwanangu alikunywa. Akashuka Magoma, akafa."

Akaweka kalamu chini. "Pole sana. Kisingemsaidia."

Nilifika nyumbani jioni. Mama alikuwa anapepeta maharage uani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mbona umerudi?"

"Wamenikataa. Wameyakuta maji yako kwenye damu."

"Wameyakuta?" Akaweka ungo chini. "Bwana asifiwe."

Hapo nilikasirika. Ilikuwa hasira ya kwanza tangu msiba, na nilikaribia kuifurahia. "Unamsifu Bwana kwa lipi? Nilikuwa na jambo moja tu la kumfanyia mwanangu, mama, nawe umenikosesha."

Alikuwa anaokota punje zilizomwagika, moja moja.

"Mjukuu wangu hakunywa," akasema. "Alilia. Akasema, bibi, yananiumiza ulimi. Nikamwonea huruma, nikayamwaga kwenye migomba, nikampa chai ya maziwa. Nikakwambia kanywa. Kwako wewe sikutaka kukosea tena."

Nilikaa chini, kwenye makapi. Nikamwambia alichosema daktari, kwamba kikombe kile kisingemsaidia mtoto.

"Kasema hivyo? Au na wewe unanionea huruma?"

"Kasema, mama. Nilimuuliza mwenyewe."

"Hebu sema tena."

Nikarudia, safari hii kwa Kishambaa chetu, taratibu. Akajifunika kanga usoni, mabega yakaanza kutikisika. Nikamshika mkono, nikalia kwa mara ya kwanza tangu tumzike mtoto, na iliniuma kila mahali.