Siku Niliyomficha Bosko

Pikipiki ilisikika ndani ya miwa kabla hatujaiona. Nilikuwa bado msichana mdogo. Nilimvuta mbwa wetu Bosko hadi jikoni, nikampa donge la obusuma, ugali wetu, ili anyamaze.

Walishuka wawili: daktari wa mifugo na nesi wa zahanati. Niliamini mmoja amekuja kumuua Bosko na mwingine kutupa pole. Sebuleni aliketi Mzee Shikuku, mkata miwa wetu, mguu umefungwa kitambaa kilichonuka sabuni na damu. Bosko alikuwa amemuuma asubuhi ile.

“Mtoto, mbwa mwenyewe ako wapi?” daktari aliniuliza.

“Alikuwa wa kupita tu. Aliingia kwa miwa.”

Mzee Shikuku alinitazama, kisha akatazama mlango wa jikoni. “Hata mimi sikumwona vizuri,” akasema. “Aliniuma kwa nyuma, kama mwizi.”

Nesi alitikisa kichwa. “Basi Mzee, utaenda Mumias umalize sindano zote.”

Juzi, nikiwa mtu mzima sasa, sokoni Matungu niliona nesi mwingine na daktari mwingine wa mifugo wameketi meza moja, wakifundisha watu kuhusu kichaa cha mbwa. Walieleza kwamba mbwa aliyeuma hufungwa na kutazamwa siku kumi. Akibaki mzima, aliyeumwa husitishiwa sindano. Bosko aliishi miaka mingi baadaye. Niliinamisha uso kati ya watu wasionijua.

Siku ile Mzee Shikuku aliinuka kwa shida, akanigusa kichwa.

“Umfunge vizuri,” alininong’oneza.

Akatoka akichechemea, na mlango wa mabati ukajifunga nyuma yake.