Spoku Tatu za Gurudumu la Kaburini

Usiniulize kama nilikuwa nimelewa. Hilo ndilo swali la kwanza la kila mtu ninayemweleza habari hii, kwa sababu gongo imo ndani yake, na nimechoka kulijibu. Gongo ilikuwepo, ndiyo, lakini ilikuwa jikoni, haikuwa tumboni mwangu. Jambo hili lilinitokea mimi mwenyewe, mchana kweupe, saa nane, kwenye shamba la mikorosho nje kidogo ya Kitangari, kule Newala. Asiyetaka kuamini aishie hapa hapa, sitamfuata.

Kazi yangu ilikuwa kupuliza sulfa, dawa ya mikorosho. Kwetu ni Nanganga, huku chini Masasi, lakini msimu wa dawa ukifika nilikuwa napanda Newala na kuhama shamba hadi shamba kwa miguu, mashine mgongoni. Sulfa hupulizwa alfajiri umande ungali kwenye majani, kwa hiyo jua likipanda kazi imeisha na njaa inauma. Sasa upike na nini? Hakuna mwenye shamba atakayekuruhusu kuwasha kuni kwenye majani makavu ya mikorosho, tena karibu na mifuko ya sulfa. Jiko la mkaa nalo ni mzigo. Nikajitengenezea jiko la makopo mawili ya soda: nilikata vitako vyake, nikavipachika kimoja ndani ya kingine, nikatoboa vitundu kwa sindano kuzunguka ukingo. Unamimina gongo ya mabibo, yale matunda ya mkorosho, ile kali inayotoka mwanzo, unawasha, linawaka bila moshi wala cheche. Unalitia mfukoni na hulisikii. Wapo walionichukia kwa hilo tu, kwamba nachoma kinywaji.

Shida ilikuwa mahali pa kukalisha sufuria. Ukiiweka juu ya kopo lenyewe, moto unakosa hewa unazimika. Utasema niweke mafiga ya mawe. Anayesema hivyo hajafika Newala. Kule juu ni mchanga mtupu, unatembea asubuhi nzima usipate jiwe la kumtupia mbwa. Nilijaribu vipande vya tofali, vikawa virefu, moto haufiki. Sufuria inatakiwa ikae vidole viwili juu ya kopo, isizidi wala isipungue. Nilihitaji waya mgumu, na kwa kazi hiyo hakuna waya unaoshinda spoku ya baiskeli.

Siku hiyo nilikuwa shambani kwa Mama Fadhili, mjane wa makamo, mpole kwa kila kitu isipokuwa moto. Asubuhi aliniambia, "Baba Asha, pika pale peupe kwenye mchanga, siyo chini ya mti. Pembeni yake kuna kaburi la Baba Fadhili. Vilivyo pale viache."

"Sawa, mama," nikamjibu.

Na nilielewa alichosema. Kwa watu wa huku, mtu akizikwa, vyombo vyake huachwa juu ya kaburi, ila kwanza vinaharibiwa ili viwe vyake kabisa. Bakuli linatobolewa, sufuria inatobolewa kitako. Hata mtoto anajua chombo kilichotobolewa hakiguswi. Juu ya kaburi lile kulikuwa na bakuli la bati lenye tundu, na sikuligusa. Lakini hatua mbili kutoka hapo, nusu limezama mchangani, kulikuwa na gurudumu la baiskeli ambalo nusu ya spoku zake zilishakatwa. Nikajiambia kuna mwenzangu alipita akajichukulia. Gurudumu linatobolewaje, jamani? Haikunijia kwamba kule kukatwa ndiko kutobolewa kwake, na kwamba wenyewe walilikata siku ya mazishi. Nikachomoa tatu.

Nilikunja kila spoku kwa koleo mara mbili, ikawa kama fremu ya mlango, miguu miwili na kizingiti juu. Nikazisimamisha tatu kuzunguka kopo, nikafunga pembe zake kwa waya mwembamba. Sufuria ikakaa, haitikisiki. Nilifurahi, nikajiona fundi. Nikamimina gongo, nikawasha, nikateleka maji ya ugali.

Kitu kimoja uelewe: moto wa gongo juani hauonekani. Jiko linawaka, wewe unadhani limezimika. Mimi nilikuwa natumia kofia, naikinga jua, na kwenye kivuli chake nauona moto wa buluu. Nikaangalia hivyo, moto upo. Nikasubiri weee, maji hayatoi hata povu. Nikakinga tena kofia, moto upo. Nikatia kidole kwenye maji, yalikuwa baridi kama ya mtungini.

Nilipoinua uso, kulikuwa na mzee amesimama ng'ambo ya jiko. Sikumsikia akija. Alivaa shati la kaki lililolowa kifuani. Mikono ameinyoosha mbele, ngumi zimefungwa, mwili umeinama, kama mtu anayesukuma baiskeli yenye mzigo mlimani. Baiskeli haikuwepo.

"Shikamoo," nikamwamkia.

Hakuitikia. Huku kwetu mtu anayekataa shikamoo amekutangazia ugomvi, na mimi sina uvumilivu na watu wa namna hiyo. "Mzee, nimekuamkia," nikasema.

"Maji hayo ya nani?"

"Yangu. Nimechota kwa Mama Fadhili."

"Na miguu iliyoyabeba ya nani?"

Nikakasirika. Nikamjibu kwamba nimeokota, na kitu kilichotupwa hakina mwenyewe. Akazunguka upande wa jua, akainama mpaka kifua kikalifunika jiko, akapitisha mkono chini ya sufuria, pale pale penye moto, akawa anazipapasa spoku moja moja. Mkono haukuungua. Lakini niamini, siyo mkono ulionitisha. Kilichonitisha ni kwamba mtu mzima alikuwa ameinama kati ya jua na jiko langu, na bado sikuuona moto. Kofia tu ilikuwa imenionyesha. Mwili wake wote haukuweka kivuli hata cha kufunika kopo.

"Umechukua tatu," akasema. "Na mimi nachukua tatu."

Niliruka, na katika kuruka nikalipiga jiko teke. Nikahisi ubaridi kwenye mguu wa kulia, nikadhani ni maji ya sufuria. Kisha ikaja harufu ya nyama. Mguu wangu ulikuwa unawaka na macho hayauoni moto. Nilipiga kelele mpaka Mama Fadhili akaja mbio, akanifukia mguu kwa mchanga. Hakumwona mtu yeyote pale isipokuwa mimi.

Hospitali waliniambia vidole vitatu vimeungua vibaya. Wangesubiri siku chache, visipoonyesha uhai vinakatwa. Mtu anayekula kwa miguu yake aambiwe hivyo, unafikiri atajisikiaje? Nilimsimulia mke wangu kila kitu, nikaacha tu lile neno la tatu kwa tatu, kwa sababu niliogopa hata kulitamka. Naye akampigia simu Mama Fadhili. Kesho yake mama wa watu akaja, akaketi kitandani kwangu.

"Alivaa shati la kaki?" akauliza.

"Ndiyo, mama."

Akasema mumewe alikuwa akichota maji bondeni na kuyapandisha Kitangari kwa baiskeli miaka yote aliyoishi naye, na alifia mlimani akisukuma. "Hakuwa mtu mbaya," akasema, "ila hakujua kusamehe. Baba Asha, ulichukua ngapi? Nizirudishe leo hii, kabla hawajakukata."

"Mbili," nikasema.

Kwa nini nilidanganya? Nimejiuliza mara nyingi, na jibu ni hasira tu. Mtu ameniunguza mguu kwa ajili ya chuma chakavu, halafu nimwombe radhi? Nilitaka na yeye akose kitu. Mke wangu alikuwa ameniletea mfuko wangu wenye vyombo, nikaifungua ile stendi ya spoku chini ya shuka, nikatoa mbili, ya tatu nikaisukumia chini ya godoro.

"Mbili tu, baba?"

"Mbili."

Alizirudisha jioni ile ile. Siku ya tatu vidole viwili vilianza kurudiwa na rangi, daktari akafurahi. Cha katikati kikawa cheusi. Daktari akasema haelewi, maana vyote viliungua sawasawa. Mimi nilielewa, na ningeweza bado kusema, lakini niliona aibu mbele ya mke wangu. Wakakikata.

Nilipoweza kutembea na fimbo nilipanda Kitangari peke yangu. Niliikuta miti imechanua na gurudumu liko pale pale, spoku mbili zimelazwa juu yake. Nikapiga magoti, nikaiweka ya tatu. Nikamwambia, "Baba Fadhili, nisamehe. Nilikuwa na kiburi." Nilisema kwa moyo wangu wote, nikilia, sioni haya kukuambia.

Sauti ikanijibu karibu kabisa na sikio. "Hiyo nimeshalipwa."

Sikugeuka. Nilipoinuka nikatazama chini, spoku ilikuwa imelala kwenye mguu wangu wa kulia, imeingia katikati ya vidole, pale penye pengo.

Siku hizi sipulizi tena. Nauza mihogo ya kuchoma barabarani Nanganga, na spoku ninayo, hakuna anayetaka hata kuiona. Wewe unayepita kwenye mashamba ya huku, ukiona chuma mchangani muulize mwenye shamba, hata kama unaona kabisa ni takataka. Na kama ulishachukua ukaambiwa urudishe, rudisha chote siku hiyo hiyo, hasira zako zisubiri. Usifanye kama mimi. Kila mchana, ikifika saa nane, kile kidole nisichokuwa nacho kinaanza kuuma, kinajikaza, kinasukuma mchanga, kama cha mtu anayepandisha mzigo mlimani. Naacha mihogo iungue, nashika fimbo yangu, namsubiri mwenye nacho afike juu.