Uji wa Epifania: Uyoga Kwanza, Kisha Senene

Jua halijachomoza Kagerankanda, wilayani Kasulu, na Epifania Pasikali ameshalowa umande hadi magotini. Anainama kwenye majani marefu, anakamata senene mmoja mmoja na kuwatia kwenye kibuyu.

"Sasa hivi wana baridi. Jua likitoka, wananishinda mbio," anasema akicheka.

Mama huyu wa miaka thelathini na minne ni mpishi wa zahanati. Huwapikia uji watoto waliodhoofika, na Desemba hii ya 1976 wako tisa. Maharage bado yako shambani. Maziwa ya kopo hufika mara moja kwa mwezi, mwezi mwingine hayafiki kabisa. Ndiyo maana huingia porini.

Alianza na uyoga wa kwenye vichuguu, ule wenye mguu mrefu, anaoujua tangu utoto wake Burundi. Aliukausha, akautwanga, akauchanganya kwenye uji wa Niyibizi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyekuwa na kilo sita tu. Baada ya majuma mawili aliongezeka robo kilo.

"Uyoga ni mtamu, unanukia kama nyama, lakini hauna mafuta," anasema. "Senene anakuja na mafuta yake."

Majirani Waha humla senene tangu zamani. Lakini Esteri, mama wa Niyibizi, naye ni mkimbizi kutoka Burundi, na kijijini kwao panzi hakuliwa. Alipoona unga wa kahawia wa senene kwenye uji wa mwanawe, alilisukuma bakuli.

"Mwanangu si kuku!"

Epifania hakubishana. Aliketi naye mkekani, akala vijiko vitatu mwenyewe. Kisha akamweleza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale zahanati. Mwaka 1972, akikimbia mauaji ya Burundi kupitia mpakani Manyovu, binti yake Uwimana alimfia mgongoni kwa njaa.

"Siku ile tulipumzika kwenye majani yaliyojaa senene," alimwambia. "Nikawa nawafukuza wasimsumbue mtoto. Sikujua, dada yangu. Sikujua kama ni chakula."

Esteri alilia. Halafu akachukua kijiko, akamlisha mwanawe.

Juma la tatu la kula senene, Niyibizi alifika kilo saba na nusu. Athuman, mganga wa zahanati, alimpima mara mbili.

"Nilidhani mzani umeharibika," anasema. "Uyoga nao siukatai, unamtia mtoto hamu ya kula. Ila aliyemnyanyua ni senene."

Kwa hiyo Epifania bado hutia uyoga kidogo, kwa ajili ya utamu. Msimu wa senene unakaribia kuisha, naye anakausha wa kufikisha Machi, maharage yatakapokuwa yameshavunwa.

Mwezi ujao anataka kwenda Busunzu, wilayani Kibondo, kuwafundisha akina mama wengine waliokimbia kama yeye. Mganga amempa ruhusa ya siku nne. Esteri ameomba wafuatane.

"Watamwambia watoto wao si kuku, kama nilivyomwambia mimi," anasema Esteri, huku Niyibizi akivuta kitenge chake akitaka kushuka atembee. "Wakisema hivyo, nitamweka huyu chini mbele yao."