Sari Mpya ya Jorina

Jorina huyajua maji kwa ulimi. Kila asubuhi akifika mtoni huchovya kidole, hulamba, hutema. Mwezi wa Choitro, wakati wa kiangazi kikali, maji matamu ya kutoka bara yakiwa hayashuki tena, hutema mara mbili. Kisha huingia, maji yakimfika kifuani, akavuta wavu wake wa buluu kutafuta watoto wa kambamiti. Akitoka huwachambua mmoja mmoja kwenye sahani nyeupe. Ana miaka ishirini na mitatu katika kazi hiyo, mapaja yamejaa vidonda, na anauchukia mto ule bila kuficha.

"Si uhame basi," nilimwambia siku moja. Mimi jirani yake sina staha.

"Nihamie wapi, dada? Tumboni mwako?"

Alisema kweli. Mbele yetu kuna tuta la udongo na mto. Nyuma, mabwawa ya kambamiti ya matajiri waliotoboa tuta ili maji ya chumvi yaingie. Limebaki bwawa moja la maji ya kunywa, nalo kila kiangazi chumvi inalinyemelea. Mwanawe Ekramul yuko mbali, anachoma matofali. Mwaka mmoja alimwachia Jorina mkewe, Parul, mwenye mimba ya miezi minane. "Mama, nitunzie," alisema, akaondoka.

Maji ya kunywa sisi tunayachuja kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara nne. Ya Jorina ilikuwa sari yake ya harusi, imefuliwa mpaka huwezi kusema ilikuwa rangi gani.

Ndipo akaja Daktari Tahmina kutoka mjini, na vichupa vyake vya kuchotea maji ya kupima. Alituonyesha tone moja kwenye hadubini: vidudu vyenye miguu vikirukaruka.

"Hawa wanapenda chumvi," alisema. "Mto ukishuka na maji mengi wanarudi baharini, wanakuja wengine wa maji matamu. Mto ukikosa nguvu, hawa wanapanda mpaka bwawani kwenu, na vijidudu vya kipindupindu vimewapanda mgongoni."

"Kumbe hata vyenyewe vina usafiri," Jorina alisema. "Mimi natembea kwa miguu!"

Tulicheka, na mgeni naye akacheka.

Jorina akamkaribisha nyumbani, na hapo haya zikamshika. Atamchujiaje msomi maji kwa tambara lile? Akalisukumia chini ya kitanda, akatoa sari mpya aliyoletewa na Ekramul sikukuu ya Idi, akaikunja mara nne, akachuja. Maji yalipita upesi. Mgeni alishukuru, akanywa ya chupa yake mwenyewe, akaenda zake. Maji yaliyochujwa yalibaki mtungini, akayanywa Parul.

Siku ya pili asubuhi Parul alianza kuharisha maji matupu. Mto ulikuwa umekupwa, mashua imekaa topeni, na hakuna kutoka mpaka alasiri. Jorina alichemsha maji, akatia sukari guru, akashika chumvi, akayaonja maji kwanza, akairudisha chumvi koponi. Maji yenyewe yalikuwa na chumvi tayari. Alimnywesha kijiko kwa kijiko, machozi yakimtoka.

"Mama, mtoto hachezi."

"Kunywa, mwanangu. Wewe kunywa tu."

Maji yalipojaa tulimvusha mto kumpeleka hospitali. Parul alipona. Mtoto, wa kiume, alizaliwa amekufa.

Daktari aliporudi akatueleza, bila kujua anamchoma nani, kwamba nyuzi za sari kuukuu zimefura kwa kufuliwa na kuziba matundu, lakini mpya hupitisha kila kitu.

"Mama mkwe wangu aliniambia nichujie kwa sari kuukuu," Jorina alisema taratibu. "Nikadhani ni ubahili wake."

Sasa huingia mtoni amevaa ile sari mpya. Jioni huifua, huipigapiga juu ya gogo, na kesho huivaa tena.

"Unaiharibu nguo ya Idi," nilimwambia.

"Naizeesha," akasema. "Ya harusi imeanza kutoboka, na Parul ana mimba tena."